Hatua Themanini na Moja

Mzee Alfayo Onchiri alihesabu hatua mara tatu, maana hakuwa mtu wa kuamini hesabu ya mara moja. Alianzia kwenye jiwe la mpaka la ploti, pale kando ya lami inayotoka Marani, akateremka katikati ya migomba ya jirani yake Mong'ina mpaka kwenye simiti ya chemchemi. Mara ya kwanza alipata themanini na tatu, kwa sababu aliteleza kwenye matope. Mara ya pili themanini na moja. Mara ya tatu themanini na moja. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika nyuma ya risiti ya mbolea: 81. Miaka ishirini na minne alikuwa karani wa kupima majani chai kituoni, na kituoni huko alijifunza kwamba jambo lisiloandikwa hukanwa mchana kweupe.

Chemchemi yenyewe watu waliiita Bomba Mbili, kwa sababu ya zile bomba mbili za chuma zilizotokeza ukutani. Nyumba arobaini na kitu zilichota hapo, masika na kiangazi. Alfayo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yake, cheo kisicho na mshahara wala posho. Kazi yake ilikuwa kukemea wanaofulia nguo pale na kuzozana na wenye ng'ombe. Lakini akipita njiani watu humwita "Mwenyekiti", naye, tusimfichie, jina hilo lilimkaa vizuri mwilini.

Sasa basi. Juu ya chemchemi, kwenye ile ploti ya kando ya lami, tajiri mmoja wa mjini alitaka kujenga yadi ya kuuzia magari. Magari sitini kutoka Japani, gereji nyuma yake, na mahali pa kuyaosha. Sheria inasema kabla ya mtu kujenga kitu kama hicho, iandikwe ripoti ya athari kwa mazingira, na wananchi waisikilize na kuipinga wakitaka. Ripoti ilikuwa imeandikwa tayari. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema: "Hakuna chemchemi, kisima wala mto ndani ya mita mia mbili kutoka eneo la mradi."

Utauliza, Alfayo aliyajuaje ya ukurasa wa kumi na tisa? Hapo ndipo penye mwiba. Ripoti ile aliisomea mezani kwake mwenyewe, Jumatatu asubuhi. Aliyeiacha pale ni Linda, mke wa mwanawe.

*

Linda alikuwa ameolewa na Bravin miaka mitano. Alikuja na digrii ya mambo ya mazingira ndani ya bahasha ya kaki, na kwa miaka mitatu bahasha hiyo ilizunguka naye kwenye ofisi za Kisii na Nyamira hadi pembe zake zikachakaa. Bravin mwenyewe alikuwa Nairobi kwenye kazi za mjengo, akija mwisho wa mwezi kama nauli imeruhusu. Kisha, miezi miwili iliyopita, Bwana Gibson Omwenga, mtaalamu wa mazingira mwenye ofisi mjini, akamwajiri Linda amwandikie ripoti. Siku hiyo Bosibori, mama mkwe wake, alichinja kuku bila kuombwa na mtu.

Nyumba ya Linda haikuwa na stima, kwa hivyo alikuwa akija kuandikia sebuleni kwa wakwe zake. Na Linda akiwa sebuleni, Alfayo alikaa nje barazani na redio yake. Haikuwa chuki. Abagusii wana jambo wanaloliita chinsoni, ile haya na heshima iliyosimama kati ya baba mkwe na mokamwana, yaani mke wa mwanawe. Watasalimiana, wataulizana habari za mvua, basi. Hawataniani, hawabishani, na baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe hata mvua ya mawe ikimnyeshea. Neno zito likiwapo, linapitia kwa mama. Na kumkosoa mokamwana mbele za watu ni sawa na kumvua nguo sokoni. Mzee atakayefanya hivyo atazungumzwa hata kwenye mazishi yake.

Basi Jumatatu hiyo Linda alikuwa ameenda kuchota maji, na ripoti ilibaki mezani, ukurasa mmoja umekunjwa pembeni. Alfayo alivaa miwani. Mwanzoni alicheka.

"Mama Bravin! Njoo usikie. Ati 'wakazi wengi wa eneo hili ni wavuvi.'"

"Wavuvi wa nini?" Bosibori alitokea jikoni akifuta mikono.

"Wewe waniuliza mimi? Marani tunavua nini? Viwavi kwenye sukuma wiki?"

Wakacheka wote wawili. Laiti wangefikiri kidogo! Mtoto aliyeolewa Marani, anayechuma chai Marani, angeandikaje kwamba watu wa Marani ni wavuvi? Ni wazi kwamba mkono mwingine ulikuwa umeingia kwenye ripoti ile, ukanakili maneno ya mji mwingine wa kando ya ziwa. Lakini walicheka tu. Kisha Alfayo akafungua pale palipokunjwa, akasoma habari za chemchemi, kicheko kikamkauka.

"Lazima uongee naye," alisema.

"Mimi?"

"Nani tena? Maneno ya mokamwana yanapitia wapi?"

"Baba Bravin, huyu mtoto amekaa miaka mitatu akichambua mboga za managu na digrii yake. Leo amepata kazi, niende nimwambie nini? Kwamba ni mwongo?"

"Mwambie kuna chemchemi."

"Kwani hajui? Maji aliyoenda kuteka saa hii ni ya wapi?"

Alfayo alirudisha ripoti mahali pake, akaikunja pembe vilevile ilivyokuwa, asije mtoto akajua kwamba imesomwa.

*

Jumatano alipotoka kuhesabu hatua, Alfayo alikuwa amekata shauri. Kikao cha wananchi kilikuwa kesho yake. Angesimama, angetoa risiti yake ya mbolea, angesema themanini na moja. Ila alitaka kwanza Linda ajue, asishtukizwe. Akamsukuma tena mkewe, na safari hii Bosibori akaenda. Alikaa jikoni na Linda muda wa kuchambua beseni zima la mboga, huku Alfayo barazani akijifanya anatengeneza mpini wa jembe.

Bosibori alirudi na uso usiosomeka.

"Amesema usikose kesho," alimwambia.

"Eeh?"

"Ati ukae mbele. 'Mwambie Tata asikose, na akae mbele kabisa.' Amesema mara mbili." Tata ni baba kwa Ekegusii, na ndivyo Linda alivyomwita mkwewe.

"Na chemchemi?"

"Nilipoanza kuitaja aliinamia mboga. Halafu akarudia tu: 'Mama, tafadhali, mwambie Tata akae mbele.'"

Alfayo aliweka mpini chini. Wakatazamana, watu wawili walioishi pamoja miaka thelathini na tano, na wote wawili wakaelewa vilevile, na wote wawili wakakosea vilevile.

"Anataka umheshimishe," Bosibori alisema polepole. "Ni mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watu. Baba yake mzazi alishakufa. Anataka aone mzazi pale mbele."

"Na mimi nimekaa hapa napanga kwenda kumwangusha."

"Sijasema hivyo."

"Hukusema," Alfayo alikubali.

Risiti aliitia mfukoni mwa koti hata hivyo. Alijiambia kwamba ataona huko huko.

*

Kikao kilifanyika kwenye ploti yenyewe. Palisimamishwa hema jeupe na viti vya plastiki, na kreti za soda zilipangwa mahali ambapo kila mtu angeziona. Afisa aliyetoka ofisi ya mazingira alikuwa mwanamke mgeni, mtu wa mbali, kwa hivyo maneno yote yalikuwa ya Kiswahili. Na unajua jinsi Kiswahili kinavyowapunguza watu wa kwetu. Mtu anayeweza kutoa hoja saa nzima kwa Ekegusii, mpe Kiswahili mbele ya mgeni, atasema "asante" na kuketi.

Haron, naibu wa chifu, aliomba sala ndefu. Kisha Bwana Omwenga akasimama, suti ya kijivu, viatu vyenye ncha ambavyo alivichungulia kila mara kuona kama matope yamefika.

"Ndugu zangu, mimi sikuwaletea mtu wa Nairobi," alisema. "Ripoti hii imeandikwa na nani? Na mtoto wenu! Mke wa hapa hapa. Sasa niambieni, mtoto anaweza kuandikia watu wake mabaya?"

"Hapana!" wakaitikia wachache.

"Na baba mkwe wake namwona amekaa pale mbele. Mzee, hebu simama watu wakuone. Simama, usione haya. Mpigieni makofi!"

Alfayo alisimama. Makofi yakapigwa. Akabaki amesimama katikati ya makofi hayo, kofia mkononi, hajui atazame wapi, kama ng'ombe wa maonyesho. Alipoketi, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Linda akaanza kusoma. Alikuwa amevaa gauni la buluu la kanisani, na sauti yake ilianza chini, ikapanda. Alisoma habari za magari sitini, ajira kumi na nane, uzio, taa za barabarani. Wavuvi hakuwataja. Alipofika kwenye maji alitua. Akanywa funda moja la maji kwenye chupa. Kisha akasoma, neno moja moja, kama anayesomea darasa la watoto.

"Hakuna chemchemi, kisima wala mto ndani ya mita mia mbili kutoka eneo la mradi."

Minong'ono ikaanza kwenye viti vya nyuma. Linda hakuendelea. Alishusha macho kwenye nyasi, hakumtazama Alfayo, kwani mokamwana hamkazii macho baba mkwe. Akasoma tena sentensi ile ile, kwa sauti zaidi.

"Hakuna chemchemi, kisima wala mto. Ndani ya mita mia mbili."

"Tumesikia, endelea," Bwana Omwenga alimhimiza.

Mong'ina, mwenye ile migomba, alikuwa ameketi nyuma ya Alfayo. Alimgusa bega kwa kidole. "Mwenyekiti," alimnong'oneza. "Kwani sisi tunakunywa nini?"

Afisa wa mazingira aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake. Alikuwa mtu makini yule mama, tusimwonee. "Hapa kuna kamati yoyote ya maji?" aliuliza.

"Ipo, madam," Bwana Omwenga akajibu upesi, akitabasamu. "Na mwenyekiti wake ni huyo huyo mzee tuliyempigia makofi."

"Vizuri. Mzee, una neno lolote kuhusu maji?"

Alfayo alisimama mara ya pili. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na vidole vilikuwa vimeishika ile risiti. Alihitaji kusema maneno matatu tu: themanini na moja. Lakini kusema hivyo kulikuwa na maana moja, kwamba yule mtoto aliyesimama pale na gauni la kanisani ni mwongo, na kwamba aliyemtangaza ni baba mkwe wake, aliyeombwa aje akae mbele amheshimishe. Aliona watu watakavyokwenda nalo nyumbani. Aliona Bravin akipigiwa simu Nairobi: baba yako amemvua mkeo nguo mbele ya serikali.

Labda mtu mwingine angesema, Alfayo aliwaza. Mong'ina yupo. Haron yupo, naye maji yake ni yale yale.

"Nimesikia," alisema. "Mtoto wetu amesoma vizuri. Mimi sina neno."

Afisa aliandika. Akauliza kama kuna mtu mwingine mwenye pingamizi. Alingoja, akatazama huku na huku. Mong'ina alifungua kinywa, akakifunga. Mwenyekiti akishasema hana neno, mwenye migomba atasema nini? Haron alikuwa anasoma lebo ya chupa ya soda. Linda alifunga ripoti, akaibana kifuani kwa mikono yote miwili.

Karatasi ya mahudhurio ikazunguka. Kwa heshima, ilianzia kwa Alfayo. Akaweka jina, nambari ya kitambulisho na sahihi kwenye mstari wa kwanza.

*

Alasiri ile Alfayo aliketi barazani kuvua viatu, akasikia kilio jikoni. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabati na ulipitisha kila kitu.

"Nyamaza, mwanangu," Bosibori alikuwa anasema. "Mbona ulie? Umesoma vizuri. Hata Tata amekusifu mbele ya watu wote."

"Mama, ndiyo maana nalia."

"Sielewi."

"Niliandika chemchemi! Niliandika kila kitu. Nilipiga picha, nilipima na kamba, nikachora mchoro. Bwana Omwenga akafuta yote, akaweka maneno ya ripoti nyingine. Akaniambia nikiitaja chemchemi nitaibeba niende nayo nyumbani. Sasa mimi ningefanya nini, mama? Ningeacha kazi? Bravin angesema nini?"

Kigoda kikaburuzwa; Bosibori alikuwa anasogea karibu naye.

"Nikaacha ripoti mezani," Linda aliendelea. "Nikakunja ukurasa. Nikasema Tata akiiona atajua. Yeye ni mwenyekiti, akisema yeye wataandika, na Bwana Omwenga hawezi kunifukuza kwa maneno ya mtu mwingine. Ndiyo nikasema akae mbele. Nikasoma mara mbili, mama. Mara mbili! Ningesoma mara ya tatu wangesema nimerukwa na akili."

"Lakini si ungeniambia wazi nimwambie?"

"Nikwambie nini? 'Mwambie Tata asimame anipinge mbele za watu?' Mokamwana anatuma ujumbe kama huo?"

Bosibori alifikiri. "Hapana," alisema mwishowe. "Hatumi."

Nje, Alfayo alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Alitamani kukohoa, ili wajue yupo. Alitamani kuingia. Lakini aingie aseme nini, naye hakupaswa hata kulisikia lile lililosemwa? Alivaa kiatu chake tena, akashuka hadi Bomba Mbili, akakaa kwenye simiti mpaka wachotaji wa jioni walipofika na mitungi. Wakamsalimu kwa adabu zao zote. Hakuna aliyemuuliza kitu, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

*

Jumatatu iliyofuata alipanda mjini Kisii, kwenye ofisi ya mazingira, na barua aliyoiandika kwa mkono, pamoja na ile risiti ya mbolea ameibana kwa pini. Alisubiri kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa sita. Kijana wa mapokezi alimuuliza mara tatu kama amekuja kutafuta kibali cha kukata mti.

Afisa alimpokea vizuri, akaisoma barua yote. Kisha akatoa faili, akaligeuza ili Alfayo aone.

"Mzee, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na haya maneno? Soma."

Alfayo alisoma. *Mwenyekiti wa kamati ya maji: Nimesikia. Sina neno.*

"Sasa nieleweshe," afisa alisema, na kweli alitaka kuelewa. "Chemchemi iko hatua themanini na moja. Wewe ndiye mwenyekiti. Nimekuuliza wewe mwenyewe, uso kwa uso. Ulihongwa?"

"La!"

"Ulitishwa?"

"Hapana, madam."

"Basi?"

Alfayo alizungusha kofia mikononi. "Aliyekuwa anasoma ni mke wa mwanangu."

"Najua, tuliambiwa. Kwa hivyo?"

Kwa hivyo! Hapo ndipo Kiswahili kilipomwishia mzee wa watu. Angelieleza vipi jambo ambalo kwao halielezwi, mtoto hulinyonya tu pamoja na maziwa? Alijaribu. Alisema habari za heshima, za haya, za mama kuwa ndiye mpeleka maneno. Mama yule alisikiliza kwa uvumilivu, lakini macho yake yalionyesha kwamba anasikia kisingizio.

"Nitaipokea barua," alisema, akaipiga muhuri. "Tutakuja kuangalia. Ila nisikudanganye, mzee. Barua hii itapambana na maneno yako mwenyewe, na ya kwenye faili ndiyo ya kwanza."

Walikuja kweli, baada ya majuma tisa. Wakati huo ukuta ulishainuliwa na zege la gereji limemwagwa. Walipima, wakakuna vichwa, wakaagiza lichimbwe shimo la kukusanyia oili chafu. Shimo lilichimbwa. Lilikuwa dogo.

Na ile barua, kabla haijafanya kazi nyingine yoyote, ilifanya moja. Nakala yake ilimfikia Bwana Omwenga. Linda alirudi siku hiyo saa nne asubuhi, hana kazi tena, na bahasha yake ya kaki, akaiweka mezani kwa Bosibori, akachukua jembe akaenda shambani. Hakumlaumu mtu. Jioni alimletea baba mkwe maji ya kunawa kama kawaida, akayaweka mlangoni, akainama kidogo, akaondoka. Alfayo aliyatazama maji yale mpaka yakapoa.

"Mwambie nimekosa," alimwambia mkewe.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Anasema Tata hakukosa, yeye ndiye aliyekosa."

Alfayo aligeuza uso. Kama Linda angemtukana, angepata nafuu.

*

Masika yaliyofuata maji ya Bomba Mbili yalianza kutoka na utando juu, wenye rangi rangi ukipigwa na jua. Ukiyachemsha, chai ilikuwa na harufu ya gereji. Mong'ina alijaribu kuyachuja kwa kitambaa, akaacha. Wanawake wakaanza kuteremka mtoni, mwendo wa nusu saa kwenda, na kurudi ni kupanda kilima na lita ishirini kichwani. Kule juu kando ya lami magari sitini yalisimama yaking'aa, yanaoshwa kila asubuhi.

Watu waliendelea kumwita Alfayo Mwenyekiti. "Bwakire, Mwenyekiti," walimsalimu wakipita na mitungi, bila kejeli, kwa mazoea tu. Zamani jina lile lilimkaa vizuri. Sasa kila akilisikia alitamani wangelisahau.

Akaanza kwenda mtoni mwenyewe. Bosibori alikasirika: mzee wa miaka sitini na nne, mwanamume, na mtungi! Majirani watasema hana mke? Alfayo alishuka kila Jumapili asubuhi kwa mwendo wake wa pole, mtungi wa lita kumi mkononi.

Jumapili moja alikuwa anateremka, na Linda anapanda. Njia yenyewe pale ni nyembamba, chai upande huu, chai upande ule, ya kupita mtu mmoja. Linda alipomwona, alifanya vile anavyofanya kila mokamwana aliyelelewa akaleleka: aliingia pembeni kwenye chai, na lita ishirini zake kichwani, akampisha. Alfayo naye alipouona ule mzigo aliingia chai ya upande wa pili, akampisha yeye. Wakabaki hivyo, njia tupu katikati yao.

"Pita, Tata," Linda alisema, macho chini.

"Pita wewe. Una mzigo."

"Hapana, Tata. Wewe kwanza."

Maji yalikuwa yanamchuruzika Linda shingoni, hakuyafuta.

"Linda," Alfayo alisema. Kwa miaka sita hakuwahi kumwita kwa jina. "Siku ile nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa nimehesabu. Themanini na moja."

"Mimi kwa kamba nilipata mita sitini na mbili," Linda alisema.

Alfayo alitikisa kichwa kukubali. Hesabu zao zilipatana. Alitaka kuongeza kitu, na alimwona Linda naye ana neno mdomoni, lakini kila mmoja alikuwa anamngojea mwenziwe amalize. Chini yao, wanawake watatu walikuwa wanapanda na mitungi, Mong'ina mbele akihema. Akawafikia, akasimama, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Jamani!" alisema. "Kwani kati yenu hakuna hata mmoja wa kutangulia? Sisi huku tuna mizigo!"

Hakuna aliyesogea.